Kuvu Nayo Huugua: Je, Virusi Vinaweza Kutusaidia Shambani?



Mwaka jana tulipokea barua kutoka kwa kamati ya maendeleo ya parokia mojawapo ya mlimani, ambako kahawa na migomba hukaa pamoja katika kihamba kimoja. Kamati iliomba ridhaa yetu itumie sehemu ya mfuko wa pembejeo kununua chupa za dawa mpya. Muuzaji alikuwa amepita kwa pikipiki siku ya gulio, akawaeleza wakulima kwamba ndani ya chupa zile mna "virusi vinavyoua kuvu", na kwamba mtu akipulizia mara moja tu, chulebuni na kutu ya majani vitakwisha na hatahitaji tena mrututu. Chupa haikuwa na jina la kiwanda wala namba ya usajili.

Tukiri kwamba ofisini tulicheka. Kwetu sisi, kama kwa wakulima wengi, neno virusi linaleta picha ya batobato ya mihogo na michirizi ya kahawia, wala hatukufikiri kuwa kirusi kinaweza kuwa upande wa mkulima. Tukaandika jibu fupi la kukataa. Lakini mzee mmoja wa kamati ile, mwalimu mstaafu, hakuridhika. Alipanda basi akaja mwenyewe ofisini, akaketi, akasema: "Mmekataa, sawa. Ila hamkutuambia kama jambo lenyewe ni kweli au ni uongo." Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Ilitubidi tusome na kuwauliza wanaojua, na makala hii ndiyo deni tunalomlipa.

Jibu kwa kifupi ni kwamba jambo lenyewe ni kweli, lakini chupa ile haikuwa ya kweli. Kuelewa tofauti ya hayo mawili kunahitaji maelezo marefu kidogo, nasi tunaomba mtuvumilie.

Kuvu na wageni wake

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu au fangasi, si mmea wala si mnyama. Uyoga ni kuvu, hamira ni kuvu, na lile vumbi la kijani juu ya mkate uliolala ni kuvu pia. Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana zinazotambaa ndani ya kile inachokula, na huenea kwa mbegu ndogo kama vumbi zinazobebwa na upepo, matone ya mvua, wadudu, au mikono yetu. Kuvu nyingi zina faida kubwa, maana bila hizo majani yaliyoanguka yasingeoza yakawa mbolea. Chache ndizo zinazotutesa. Chulebuni, inayoozesha buni zikiwa bado mbichi mtini, ilionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Kutu ya majani hupukutisha majani ya mkahawa. Blasti hukausha mpunga, na kuvu nyingine huozesha mahindi.

Kirusi ni kidogo kuliko kuvu kwa mbali sana, na hakiwezi kujizalisha peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe hai ya kiumbe kingine na kuitumia kama mgeni anayepikia katika jiko la mwenyeji. Kwa kawaida kila kirusi kina wenyeji wake maalumu, ndiyo maana kirusi cha muhogo hakimshiki mtu. Kuvu nayo ni kiumbe hai, kwa hiyo nayo ina virusi vyake.

Hilo lilithibitishwa kwanza na watu waliokuwa wakipata hasara. Wakulima wa uyoga wa Pennsylvania, Marekani, walianza kusumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na ugonjwa uliofanya uyoga utoke na shina refu lililopinda na kofia ndogo. Mwaka 1962 mtaalamu wa Uingereza, Hollings, aliona virusi ndani ya uyoga wenye ugonjwa wa namna hiyo. (Vikundi vyetu vya akina mama vinavyolima uyoga mzingatie: mbegu ya uyoga ichukuliwe mahali safi, na mabaki ya zao la zamani yaondolewe bandani kabla ya kupanda tena. Mgeni wa namna hii akishaingia kwenye nyuzi hana dawa.)

Kumbe basi, ikiwa kirusi kinaweza kuudhoofisha uyoga tunaoupenda, hakiwezi pia kuidhoofisha kuvu tunayoichukia? Jibu la swali hilo linapatikana katika mti usioota kwetu, na inatubidi twende mbali kuutafuta.

Mti wa mkate

Chesnati ni mti mkubwa wa nchi za baridi unaozaa kokwa tamu zenye wanga, ambazo huchomwa, huchemshwa au husagwa unga. Katika milima ya Cévennes ya Ufaransa watu maskini waliuita mti wa mkate, kwa sababu mahali ambapo ngano haikustawi familia ilivuka kipindi cha baridi kwa chesnati. Mtu wa Kilimanjaro au Bukoba hahitaji kuelezwa zaidi; afikirie mgomba.

Marekani pia ilikuwa na chesnati zake, misitu na misitu upande wa mashariki. Mwaka 1904 Hermann Merkel, aliyekuwa akiangalia miti katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, aliona miti yake ikikauka kuanzia vidonda vya gome. Sababu ilikuwa kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki pamoja na miche iliyoagizwa kutoka huko. Chesnati za Asia zilikuwa zimeizoea kuvu hiyo tangu zamani, lakini za Marekani hazikuwa na kinga. Kuvu huingia kupitia jeraha dogo, hutandaza nyuzi zake chini ya gome, huua tabaka hai linalokuza mti, na kidonda kikishazunguka shina lote sehemu ya juu hufa. Mizizi hubaki na kuchipua, chipukizi hukua miaka michache, kisha nazo hushikwa.

Jimbo la Pennsylvania liliunda tume maalumu mwaka 1911 ikiwa na dola 275,000 za kupambana na ugonjwa huo. Walikata miti na kuichoma moto. Mwaka 1913 tume ilifungwa kwa sababu kuvu ilikwisha kuwapita. Katika muda wa nusu karne miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4 iliangamia.

Mwaka 1938 kuvu ileile ilionekana karibu na Genoa, Italia. Kila aliyejua habari za Marekani alitazamia kwamba mti wa mkate wa Ulaya nao umekwisha. Kwa miaka kadhaa ilionekana kuwa hivyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Italia, Antonio Biraghi, aliona jambo lisilotazamiwa: katika msitu ulioambukizwa kulikuwa na miti iliyokuwa na vidonda lakini haikufa. Vidonda vilikuwa vimeota nyama mpya pembeni na vilikuwa vikijifunga.

Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean Grente alikwenda kuchukua vipande vya magome hayo na kuotesha kuvu iliyomo. Kuvu ya kawaida ya ugonjwa huo ina rangi ya machungwa. Nyingine kati ya alizopata zilikuwa nyeupe. Alipoziweka kwenye mti mzima, zilileta kidonda kidogo tu kilichopona. Kisha akafanya jaribio muhimu kuliko yote: aliweka kuvu nyeupe pembeni ya kidonda cha kuvu kali. Ile kali ikageuka kuwa dhaifu, kana kwamba imeambukizwa. Grente alifahamu kwamba kuna kitu kinachohama kutoka kuvu moja kwenda nyingine, ingawa hakukiona.

Kuvu hizo zilipelekwa Marekani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, ambako watafiti walichapisha mwaka 1975 kwamba zinaponya vidonda vya chesnati za Marekani pia. Mwaka 1977 waligundua ndani yake vinasaba ambavyo kuvu nzima haina, dalili ya kirusi. Uthibitisho kamili ulikuja mwaka 1992, pale Choi na Nuss walipotengeneza nakala ya vinasaba vya kirusi hicho, wakaviingiza kwenye kuvu safi, nayo ikageuka kuwa dhaifu.

Ni vizuri kueleza kirusi hicho kinafanya nini hasa, maana hapa ndipo wengi hukosea. Hakiui kuvu. Kuvu inaendelea kuishi kwenye gome la nje, lakini haina nguvu ya kufika kwenye tabaka hai, na inatoa mbegu chache. Mti unapata nafasi ya kujiponya wenyewe. Ukienda leo kwenye misitu ya Ticino, kusini mwa Uswisi, utaikuta kuvu, utakikuta kirusi, na utaikuta miti iliyo hai yenye makovu. Muuzaji wetu wa pikipiki alisema "virusi vinavyoua kuvu". Kwa neno hilo moja tu angeweza kutiliwa shaka.

Koo zisizopokeana

Sasa tunafika mahali ambapo sisi wenyewe tulisoma mara tatu kabla ya kuelewa. Wafaransa walianza kutumia kuvu dhaifu katika mashamba ya chesnati katika miaka ya 1970. Walitoboa matundu kuzunguka kidonda na kuyajaza uji mzito wenye kuvu yenye kirusi. Kidonda kilichotibiwa kilipona, na katika sehemu nyingi za Ulaya kirusi kilienea chenyewe kwenda miti mingine. Wamarekani walifanya vivyo hivyo. Vidonda vilivyotibiwa vilipona kwao pia, lakini misituni kirusi hakikuenea. Mti wa jirani uliendelea kufa.

Kwa nini dawa ileile ifanye kazi huku na ishindwe kule?

Kirusi hiki hakina ganda la kukilinda. Hakiwezi kusafiri kwa upepo wala kukaa kwenye udongo kikingoja. Njia yake ni mbili: kinahama pale nyuzi za kuvu mbili zinapogusana na kuungana, au kinabebwa ndani ya zile mbegu ambazo kuvu huzitoa peke yake bila kupandana na nyingine. Na nyuzi haziungani hovyo. Kuvu za aina moja zimegawanyika katika koo. Wa ukoo mmoja akibisha hodi hukaribishwa ndani, na vilivyomo katika uzi mmoja humiminika katika mwingine, kirusi kikiwamo. Wa ukoo tofauti akibisha hodi, chembe za mpakani hujiua zenyewe, mlango ukafungwa. Kwa kuvu ya chesnati wataalamu wametambua sehemu sita za vinasaba zinazoamua ukoo, na kila sehemu ina sura mbili, kwa hiyo koo zinazoweza kutokea kwa hizo sita peke yake ni 64.

Ulaya, kwa kawaida, mahali pamoja pana koo chache. Mashariki ya Marekani pana koo nyingi zilizochanganyika. Tena kuvu zikipandana, mbegu zinazotokana na kupandana huko hazipati kirusi kabisa; watoto huzaliwa wazima, na mara nyingi wakiwa na ukoo mpya usiopokeana na wa wazazi. Hivyo kila kizazi milango inaongezeka, na mgeni hana pa kupitia. Kuna makundi ya chesnati katika jimbo la Michigan yaliyopata nafuu yenyewe kwa msaada wa kirusi cha jamii hiyohiyo, lakini hayo ni machache ukilinganisha na misitu iliyopotea.

Jambo lingine lilitushangaza. Mtu angedhani kwamba kirusi kikali zaidi ndicho bora zaidi. Sivyo. Kuna aina iliyotokea Ufaransa inayoibana kuvu kiasi kwamba karibu haitoi mbegu. Kidonda kinapona vizuri, lakini kirusi kinakosa chombo cha kusafiria na kinabaki palepale kilipowekwa. Aina ya Italia, iliyo ya upole, inaiacha kuvu na nguvu ya kutosha kutoa mbegu, na hiyo ndiyo iliyoenea mbali barani Ulaya.

Baada ya chesnati

Wengine wanaweza kuuliza kama hadithi hii ni ya mti mmoja tu. Hapana. Virusi vimepatikana katika kuvu nyingi za mazao, ikiwamo ya blasti ya mpunga. Vingi havionyeshi dalili yoyote. Vichache hudhoofisha. Na vipo vinavyofanya kuvu iwe mbaya zaidi: huko Japani kuna kirusi kinachoizuia kuvu ya madoa ya mipeasi isikue vizuri, lakini wakati huohuo kinaifanya itoe sumu nyingi zaidi kwa mti. Asiyejua kilichomo ndani ya chupa anaweza kuwa analeta adui nyumbani.

Habari yenye matumaini zaidi inatoka China. Mwaka 2010 watafiti wa Wuhan walieleza kirusi cha kuvu inayoozesha mashina ya rapa, zao la mbegu za mafuta. Kuvu hiyohiyo hushambulia pia alizeti na maharage. Kirusi hiki ni tofauti na cha chesnati. Kina ganda, na mwaka 2013 walionyesha kwamba kinaweza kuingia kwenye nyuzi za kuvu kutoka nje, bila kungoja kuvu mbili ziungane. Mwaka 2016 walionyesha kwamba nzi mdogo anayekula kuvu hiyo hukibeba, na mwaka 2020 kwamba kuvu iliyoambukizwa inaweza kuishi ndani ya mmea wa rapa bila kuuoza, na hata kuusaidia kujikinga. Sisi tunaona hapa ndipo mlango ulipofunguka kidogo. Lakini ni kwa kuvu ile, na ni kazi ya miaka mingi ya watu wanaojua wanachokitafuta.

Ndugu wa karibu wa njia hii tunaye tayari Afrika Mashariki, ingawa yeye hatumii kirusi. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na tangu hapo watafiti wametafuta namna ya kuizuia shambani kabla ya ghalani. Bidhaa iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya na Tanzania, ni nafaka zilizopakwa kuvu ya jamii ileile lakini isiyotoa sumu. Humwagwa shambani mahindi au karanga zikiwa bado zinakua, nayo huchukua nafasi ya ile yenye sumu. Kuvu zinazotumika huchaguliwa kutoka udongo wa nchi husika, kwa kuangalia koo zake. Hata huko, basi, suala la koo halikwepeki.

Kahawa yetu na mfuko wetu

Turudi mlimani. Hakuna dawa ya virusi kwa chulebuni wala kwa kutu ya majani. Hayo ni magonjwa ya kuvu mbili tofauti kabisa, na kirusi cha mmoja hakiwezi kutarajiwa kumshika mwingine. Kirusi cha namna ya chesnati hakiwezi hata kukaa katika chupa ya maji. Hukaa ndani ya kuvu iliyo hai, na mtu huiweka kwa mkono, kidonda kwa kidonda. Tena kiuatilifu chochote kinachouzwa Tanzania lazima kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na namba yake iwe kwenye lebo. Kamati ikikosa kuiona namba hiyo, isitoe fedha, hata muuzaji akiwa mtoto wa jirani.

Tulipomweleza mzee wetu haya yote alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama watafiti wa kahawa wanaitafuta njia hiyo kwa chulebuni. Tukamwambia kwamba uchunguzi umeonyesha kuvu za chulebuni za nchi mbalimbali za Afrika zinafanana sana, kama watu wa nyumba moja, na kwamba kwa mawazo yetu hali hiyo ni afadhali kuliko ile ya misitu ya Marekani. Akatabasamu. Hatukumwahidi zaidi ya hapo, na kwa wafadhili wetu pia hatuahidi zaidi ya hapo. Fedha mlizotupa za pembejeo hatutazipeleka kwenye jambo ambalo bado liko maabara.

Tumekubaliana na kamati ile kwamba kiasi walichotaka kununulia chupa kitumike kwa miche ya kahawa chotara yenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) ya Lyamungu. Mikahawa ya zamani ambayo wenyewe hawataki kuing'oa itapogolewa ili hewa ipite, buni zilizokaukia mtini zitaondolewa, na mrututu utapigwa kwa wakati, si baada ya ugonjwa kuonekana. Vijana sita wa parokia wamekwisha kufundishwa kupogoa na wataanza na vihamba vya wajane.

Kamati nyingine zinazotaka miche kupitia mfuko zituletee orodha ya wakulima, idadi ya miche kwa kila mmoja na jina la atakayesimamia kitalu, kabla ya mwisho wa robo hii. Na kama muuzaji yule wa pikipiki amepita kwenu pia, tunaomba mtuletee chupa moja, hata iliyokwisha tumika, tuipeleke kwa wakaguzi.